Aliyeshika Makali: Liz Lemon na Kazi ya Kuongoza Timu ya Runinga

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wa fani ya utangazaji, wenzangu tuliotoka mbali katika kazi hii, na ninyi wanangu mnaojiandaa kuingia studio kwa mara ya kwanza: nawashukuru kwa kuniita. Nimeombwa nizungumzie uongozi wa timu ya kipindi cha runinga, na kwa kuwa miongozo ya kazi hiyo mmekwisha kuisoma darasani, nimeona ni afadhali niwaeleze habari za mwanamke mmoja ambaye hakuzaliwa na mama bali aliandikwa kwenye karatasi. Hata hivyo, sijaona mtu aliye hai aliyenionesha kazi yetu ilivyo kwa ukweli kumzidi yeye. Jina lake ni Liz Lemon, mhusika mkuu wa 30 Rock, tamthilia ya vichekesho iliyorushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia Oktoba 11, 2006 hadi Januari 31, 2013, misimu 7 yenye sehemu 138.

Jina la tamthilia hiyo ni ufupisho wa anwani, 30 Rockefeller Plaza, jengo refu la Manhattan, New York, ambamo NBC ina makao yake. Humo ndani Liz ni mwandishi mkuu wa kipindi cha vichekesho kinachorushwa moja kwa moja. Katika utaratibu wa Wamarekani, mwandishi mkuu wa kipindi cha aina hiyo haketi pembeni akisubiri kuitwa. Yeye ndiye anayegawa kazi kwa waandishi, anayekata kisichochekesha, anayeamua kipi kiende hewani na kipi kibaki mezani, na anayesikiliza malalamiko ya waigizaji saa ambayo kila mtu anatazama saa ya ukutani. Aliyemwandika Liz, na kumwigiza pia, ni Tina Fey, ambaye mwaka 1999 alikuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyohiyo katika Saturday Night Live, kipindi halisi cha vichekesho cha NBC kinachorushwa moja kwa moja kutoka jengo hilohilo. Kwa hiyo ninyi mnaposikia tashtiti, jueni kwamba imeandikwa na mtu aliyezijua ngazi za jengo lile usiku wa manane.

Tukio la kwanza kabisa halifanyiki studio. Liz yuko mtaani asubuhi, amepanga foleni kwa mchuuzi wa hotidogi. Bwana mmoja anakuja na kuanzisha foleni yake pembeni, na wengine wanamfuata kana kwamba waliotangulia hawaonekani. Liz anamwambia kwamba foleni ipo, na yule hamjali. Basi Liz anatoa pesa na kununua hotidogi zote za mchuuzi, ili aliyevunja utaratibu asipate hata moja na walioheshimu foleni wapewe wao.

Nimelitazama tukio hilo mara nyingi, na kila mara naona tabia nzima ya mtu huyu imewekwa pale. Anaamini kwamba utaratibu ukifuatwa kila mmoja atapata haki yake, na utaratibu unapovunjwa hakimbilii polisi wala bosi, bali anaingiza mkono kwenye mkoba wake mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Hakuna atakayemrudishia fedha zile. Mkishaelewa hivyo, mmeelewa namna atakavyoongoza timu yake kwa miaka 7: kila panapotokea pengo kati ya jinsi kazi inavyopaswa kwenda na jinsi inavyokwenda, yeye ndiye analiziba, kwa usingizi wake, kwa chakula chake, na mara nyingine kwa heshima yake.

Akifika kazini anakuta ofisi ya bosi wake wa zamani imo katika ukarabati, na bosi mpya, Jack Donaghy, anayeigizwa na Alec Baldwin, anaingia kwa kuupiga ukuta teke na kupita katikati yake. Jack hakutoka katika sanaa. Ametoka General Electric, na sifa yake kubwa ni oveni inayopika kwa aina tatu za joto. Cheo chake kinaunganisha usimamizi wa vipindi vya runinga na usimamizi wa maikrowevu. Anamweleza Liz kwamba kipindi chake kimekosa lile joto la tatu, maana yake watazamaji wanaume wa umri fulani, na kwa sababu hiyo ameamua kumleta mcheza filamu maarufu asiyetabirika, Tracy Jordan. Muda si mrefu hata jina la kipindi linabadilika, na la Tracy linaingia ndani yake. Liz hakuulizwa.

Watazamaji wengi huliona jambo la oveni kuwa ni chumvi iliyozidi, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, kwa sababu chumvi ile imetiwa kwa kipimo. Mwaka 1986 General Electric, kampuni ya majokofu, taa na injini za ndege, iliinunua RCA iliyokuwa mmiliki wa NBC, na ikabaki na usukani wa kituo hicho hadi Januari 2011, ulipochukuliwa na Comcast, kampuni ya runinga ya kebo. Waandishi wa 30 Rock walikuwa wakiandika kejeli kuhusu mwajiri wao halisi, katika kituo cha mwajiri huyo, na mmiliki alipobadilika, nao wakabadilisha hadithi na kumleta mmiliki mpya wa kubuni aitwaye Kabletown. Wenye viwanda kweli ndio waliokuwa wakiketi juu ya watu wa vichekesho. Mashaka ya Liz hayakutoka katika udhaifu wake wa kike, kama wengine wanavyosema, wala katika kutojua kazi. Yametoka katika mpangilio wa jengo lenyewe: anawajibika kwa kila dakika inayokwenda hewani, lakini hana kauli juu ya nani aajiriwe, fedha ziende wapi, wala kipindi kiitwe jina gani. Wazee wetu wanajua kwamba aliyeshika mpini ndiye mwenye kisu. Liz ameshika makali, na anatakiwa akate nyama kwa kisu hichohicho.

Katika msimu wa kwanza ipo sehemu inayoitwa "Jack-Tor", ambamo Jack anawataka waandishi waingize bidhaa za kampuni ndani ya vichekesho vyao. Liz na wenzake wanakataa kwa maneno mazito kuhusu heshima ya kazi, na wakati huohuo wanausifu mbele yetu ufundi wa kinywaji cha Snapple walichoshika mikononi, mpaka mtu aliyevaa vazi la chupa ya Snapple anatokea kwenye lifti. Kicheko kile kina maumivu, kwa kuwa pale unamwona mtu akitetea msimamo wake huku msimamo ule ukiuzwa mkononi mwake.

Mimi nilikwisha kusimama mahali hapo. Ilikuwa hapa Dar es Salaam, miaka mingi iliyopita, nikitayarisha igizo la vichekesho kwa kituo kimoja ambacho sitakitaja, kwa udhamini wa kampuni ya vinywaji ambayo pia sitaitaja. Tulikuwa tunarekodi onyesho la msiba. Taa zilikuwa zimekwisha kuwekwa tangu saa kumi na mbili jioni, mkeka wa wafiwa umetandikwa, na mama aliyeigiza mjane, mwigizaji mzima wa miaka mingi ya jukwaani, amekwisha kujifunga kanga na kuingia katika huzuni yake. Hapo akaja kijana wa mdhamini na chupa nne za juisi, akazipanga mbele ya mjane, na akazizungusha moja baada ya nyingine mpaka lebo zote zikaitazama kamera. Mama yule hakusema neno. Alinyanyua uso akanitazama mimi, na mpiga picha akanitazama mimi, na yule kijana naye akanitazama mimi. Nilipiga simu kwa waliokuwa juu yangu; nikaambiwa nimalize mwenyewe.

Nilizihamishia chupa zile kwenye onyesho la jikoni, penye wanawake wanaopika pilau, mahali ambapo juisi ina sababu ya kuwapo. Ilibidi tuandike upya kurasa mbili na kupanga taa mara ya pili, na tulimaliza saa saba na nusu za usiku, daladala zimekwisha kulala. Nililipa bajaji za watu kumi na wanne kutoka mkoba wangu. Siwaelezi haya ili mnisifu. Nawaeleza kwa sababu miaka kadhaa baadaye, nilipomwona Liz Lemon akinunua hotidogi za mtaa mzima, nilijua hasa anachofanya.

Kwa hiyo wakurugenzi wa vituo mlioketi mbele hapa, naomba mnivumilie niseme moja kwa moja. Mnapomteua mtu kuongoza timu ya kipindi, mpeni kauli ya mwisho juu ya mambo mawili tu: skripti ikishapitishwa isiguswe na mtu yeyote siku ya kurekodi, na saa ya kufunga kazi iwe ya kwake kuitangaza. Nauli ya usiku iwemo katika bajeti kabla ya jina la mdhamini kuandikwa. Msipofanya hivyo, hamjateua kiongozi, mmeteua mtu wa kupokea lawama.

Nirudi kwa Liz, maana shida zake hazikuja kutoka juu pekee. Chini yake yuko Tracy, anayetoweka siku ya kurekodi. Yuko Jenna Maroney, rafiki yake wa zamani, anayeweza kusimamisha kazi ya watu wote kwa sababu mwanga haukumpiga vizuri shavuni. Na wako waandishi wanaomwona kama mwalimu wa zamu anayepaswa kukwepwa. Pete Hornberger, mtayarishaji, ndiye mwenzake wa kubeba mzigo, na naye amechoka kuliko yeye. Hakuna kati yao aliye mwovu. Hapo ndipo uandishi ulipofaulu sana kwa maoni yangu, kwa kuwa timu mbovu ya watu wabaya ni rahisi kuiandika, lakini timu ya watu unaowapenda wanaokumaliza nguvu kidogo kidogo inataka mwandishi aliyewahi kuwa nayo.

Mfano ninaoupenda kupita wote ni sehemu ya msimu wa pili inayohusu siku ya sandwichi. Mara moja kwa mwaka madereva na wapakiaji wa studio huwaletea wafanyakazi sandwichi kutoka duka la Brooklyn ambalo wao peke yao wanalijua. Liz ameisubiri ya kwake, na waandishi wake wameila. Anawaamuru wakamtafutie nyingine, nao wanalazimika kushindana kunywa pombe na madereva ili waipate. Lakini sandwichi inapofika mikononi mwake, siku hiyohiyo imembidi akimbie uwanja wa ndege kumwahi mwanamume aliyempenda. Mkaguzi wa mizigo anamwambia sandwichi inaweza kupita, ila mchuzi wake hauwezi, umezidi kipimo cha vitu vya majimaji kinachoruhusiwa. Mtu mwingine angeitupa, au angegeuka arudi. Liz anasimama palepale penye ukaguzi, anaikamata kwa mikono miwili, na anaila yote, anachovya na kumeza huku machozi na mchuzi vinakaribia kukutana, akijiambia kwamba anaweza kuvipata vyote viwili. Kisha anakimbia kuelekea mlango wa kupandia ndege.

Kila mtu anacheka pale, nami nacheka. Hata hivyo mnisaidie kumtazama kwa muda mrefu zaidi ya kicheko. Mtu mzima, msomi, mkuu wa kitengo katika kituo kikubwa cha taifa lake, amekula chakula chake cha siku akiwa amesimama mbele ya mashine ya ukaguzi kwa sababu watu anaowaongoza walikula cha kwanza. Dada zangu wa nyuma ya kamera waliopo humu ukumbini wanajua ni chakula kingapi wamekila wamesimama.

Katika msimu huohuo kuna sehemu ya Oktoba 2007 ambayo ningependa kila mwanamke anayeanza kazi hii aitazame. Liz anakutana na Rosemary Howard, mwandishi mkongwe wa runinga ambaye utotoni alimwona kuwa shujaa wake. Rosemary anaigizwa na Carrie Fisher. Liz anamwalika kipindini, Rosemary anapendekeza mambo mazito ambayo Jack hayataki, Jack anaamuru aondolewe, na Liz anachagua kumfuata Rosemary na kuiacha kazi. Ni uamuzi wa kishujaa mpaka pale anapoingia nyumbani kwa Rosemary. Shujaa wake anaishi katika dhiki, peke yake, akili imeanza kumtoka, hana akiba, na hakuna hata mmoja wa wale aliowachekesha anayebisha hodi. Liz anarudi mbio kwa Jack kuomba kazi yake, na anamwomba amfundishe jambo ambalo matajiri wanalijua, yaani namna ya kuifanya fedha izae fedha.

Wapo waliosema kwamba pale Liz alisaliti msimamo wake. Sikubaliani nao hata kidogo. Alichokiona ni kwamba msimamo bila akiba una mwisho wake, na mwisho huo una anwani. Wanangu, jiungeni na mfuko wa hifadhi ya jamii hata kama mnaitwa vibarua. Dai mkataba ulioandikwa. Weka fungu kila unapolipwa. Watayarishaji wakongwe wa nchi hii ambao nimewazika, nao walichekesha watu.

Niseme pia kidogo kuhusu timu halisi iliyokuwa nyuma ya tamthilia. Waandishi wa skripti wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 5, 2007 hadi Februari 12, 2008, na msimu wa pili ukafupishwa hadi sehemu 15. Mwaka uleule tamthilia ilipoanza, NBC ilikuwa na tamthilia nyingine kuhusu watu wa nyuma ya kipindi cha vichekesho, Studio 60 on the Sunset Strip, iliyopewa matumaini makubwa zaidi. Ile iliisha baada ya msimu mmoja. 30 Rock haikuwahi kuwa na watazamaji wengi sana, lakini ilitwaa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora ya vichekesho miaka mitatu mfululizo, 2007, 2008 na 2009. Tarehe 14 Oktoba 2010 waliigiza sehemu nzima moja kwa moja hewani, na wakaiigiza mara mbili usiku huo, ya kwanza kwa watazamaji wa pwani ya mashariki na ya pili kwa wa magharibi. Anayejua kazi ya kupanga kamera atakubali kwamba huo si mzaha.

Wala sitawaficha doa lake. Juni 2020 sehemu nne za tamthilia hiyo ziliondolewa kwa ombi la Tina Fey mwenyewe, kwa kuwa zilikuwa na waigizaji waliopakwa rangi usoni ili waonekane watu weusi, na Fey aliomba radhi. Mimi kama Mwafrika zile sehemu ziliniuma, na ninamheshimu kwa kutosema kwamba ni mtandao au wakubwa waliomshinikiza. Kejeli iliyokuwa imeelekezwa kwa wenye oveni na wenye hisa, pale ilikuwa imegeukia watu ambao historia imekwisha kuwacheka vya kutosha. Kinachokwenda hewani kina jina la kiongozi wa timu, hata baada ya miaka kumi.

Namalizia kwa kisa cha mwisho cha tamthilia yenyewe. Kipindi cha Liz kimefutwa, lakini inagundulika kwamba mkataba wa Tracy unaitaka kampuni imlipe dola milioni 30 ikiwa vipindi havitafika 150, na wamekwisha kufanya 149. Basi timu inaitwa tena kwa kipindi kimoja. Siku hiyo haki ya kuchagua chakula cha mchana cha mwisho inamwangukia Lutz, mwandishi ambaye wenzake wamemdharau miaka yote 7, naye anachagua mahali ambapo hakuna mwingine anayepataka. Wote wanahangaika kumnyang'anya haki hiyo, na Liz, yule aliyenunua hotidogi zote kwa ajili ya kutetea foleni, yuko pamoja nao. Lutz anashinda, na wanakula alichochagua Lutz. Sijui kama waandishi walikusudia tukio la mwisho lilitazame la kwanza, lakini mimi nimeona hivyo, na nikamkumbuka kijana mmoja wa taa katika timu yangu ambaye sikumbuki hata mara moja nilimuuliza anataka kula nini.

Tracy naye ametoweka kama kawaida yake, na Liz anakwenda kumtafuta kwa mara ya mwisho. Hamwambii kwamba walikuwa marafiki wakubwa, kwa sababu hawakuwa. Anamwambia ukweli wote: kwamba alimchosha, kwamba kazi ndiyo iliyowafunga pamoja, na kwamba hata hivyo anampenda na atamkosa. Wanasimama pale, mtu na aliyemtesa, wakiagana bila haraka. Baada ya hapo hadithi inaruka mwaka mmoja mbele, na tunamkuta Liz kwenye seti ya tamthilia nyingine, na timu nyingine, na watoto wake wawili wameletwa kumtembelea kazini.

Fundi mitambo, naomba sasa uzime taa za mbele. Tutaitazama sehemu hiyo ya kuagana pamoja, kisha nitapokea maswali yenu, nikianza na waliokaa safu ya nyuma.